Siku moja maishani mwangu: fundi wa kompyuta, Kigoma

Saa 1:10 asubuhi. Niko kwenye bodaboda natokea Ujiji, simu inaita tukiwa Mwanga. Mama wa uhasibu. "Baba, mashine imenikataa." Namuuliza imeandika nini. "Kizungu kirefu, njoo usome mwenyewe."

Saa 1:45. Usiku umeme ulikatika, kwa hiyo ofisi nzima imeamka na mashine zilizozimika. Shikamoo, marahaba, naketi. Namwomba ajaribu kuingia kwenye kompyuta ya jirani yake kwa nenosiri lilelile. Linakubali. Basi akaunti yake ni nzima na seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, ni nzima; ugonjwa uko kwenye mashine. Nachomoa kebo ya mtandao, anaingia bila shida, maana Windows hutunza kumbukumbu ya watu walioingia siku za nyuma. Pembeni ya skrini naona tarehe: mwaka 2015.

Ndiyo hiyo. Mtandao wetu unamtambua mtu kwa Kerberos, utaratibu wa kuhakiki anayeingia, na kwa kawaida Kerberos haivumilii saa ya mashine ipishane na ya seva zaidi ya dakika 5. Nafungua kasha, nachomoa kibetri cha CR2032, nakipima: kinatakiwa kiwe na volti 3, hiki hakifiki hata 2. Umeme ukiwepo betri mbovu haijionyeshi, ukikatika tu saa inapotea. Naweka kipya, narekebisha tarehe, narudisha kebo. Mama anaingia na malipo yake yanaanza kwenda.

Saa 4:00. Chai na chapati.

Saa 4:30. Kijana wa manunuzi kahamishiwa idara mpya. Folda anaiona, faili anafungua, ila kuhifadhi hawezi. Nilishamwingiza kwenye kikundi cha idara jana jioni, lakini yeye aliifunga skrini tu akaenda nyumbani. Vikundi vya mtu husomwa anapoingia, kwa hiyo lazima atoke kabisa kwenye akaunti na aingie upya. Anatoka, anaingia, bado hola. Naangalia ruhusa za folda yenyewe: kikundi chake kinaweza kuandika. Naangalia ruhusa za kuishea mtandaoni: kusoma tu. Ni kama nyumba yenye geti na mlango. Ufunguo wa mlango haukusaidii kama geti limefungwa. Anayepitia mtandaoni hupimwa kwa zote mbili, na iliyobana zaidi ndiyo inayoshinda. Nalegeza hiyo ya kuishea, anahifadhi.

Saa 7:00. Ugali wa muhogo na migebuka. Sina la kuongeza.

Saa 8:15. Stoo. Mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ana nenosiri sahihi, lakini mashine inamwambia hana ruhusa ya kuingia hapo. Bosi wa stoo anakuja na dawa yake ya siku zote: "Si umpe uadmini tu, kijana, tufanye kazi?" Nakataa. Admini anaweza kusakinisha chochote, na kirusi kitakachoingia kwa flashi yake kitapata nguvu zilezile alizonazo yeye. Namwingiza kwenye kikundi cha watumiaji wa kawaida wa mashine ile, anaingia. Bosi ananuna. Huyu amenuna tangu nilipomnyima yeye mwenyewe, nimezoea.

Saa 10:00. Akaunti za waliohama. Sizifuti, nazizima. Ruhusa za Windows hazifuati jina bali namba ya utambulisho ya akaunti. Ukifuta kisha ukaunda nyingine kwa jina lilelile, kwa seva huyo ni mgeni na folda zake za zamani hazimtambui. Leo nimekuta moja iko wazi, ya mtu aliyekwishahamia Tabora kitambo. Barua ya uhamisho ilipita kila meza isipokuwa yangu. Nimeizima, na kesho naanza na ofisi ya utumishi, na mimi niwe napewa nakala.