Vitamini D ilipanda, huzuni ikabaki pale pale

Sonona yangu, yaani ugonjwa wa huzuni, haikungoja nijifungue. Ilianza mimba ikiwa kubwa, wakati kila mtu ananiambia uchovu ni kawaida, kukosa usingizi ni kawaida, na kulialia ni homoni tu. Kliniki nikiulizwa hali, najibu "nzuri", kama tunavyojibu wote.

Kilichonifikisha kwa daktari ni maumivu ya mgongo na mapaja. Akaagiza damu, na majibu yakaja na vitamini D ya nanogramu 11 kwa mililita. Kwa kipimo hicho, 20 na kuendelea huhesabiwa kuwa inatosha watu wengi, na chini ya 12 ni upungufu hasa. (Ukiona maabara yako imeandika nanomoli kwa lita, usishtuke namba ikiwa kubwa: ni ile ile, imezidishwa kwa 2.5.)

Nilifurahi. Nilishasoma kwamba ubongo una vipokezi vya vitamini hii, na kwamba tafiti kadhaa zimekuta wanawake wenye kiwango cha chini wanapata sonona zaidi, wakiwa wajawazito na hata baada ya kujifungua. Nikasema, "Kumbe ndiyo maana, daktari."

Akaweka kalamu chini. "Ndiyo maana ya nini, mama?"

Hapo nikaanza kulia, maana nilikuwa sijamwambia lolote zaidi ya mgongo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu jambo ambalo limeniongoza tangu siku ile. Vitamini atanipa kwa ajili ya mifupa yangu na ya mtoto. Hilo la huzuni tutalitibu kivyake, na hatutalingojesha mpaka vitamini ipande. Akanieleza kwamba tafiti za aina ile zinaonyesha mambo mawili yakiandamana, basi. Mtu mwenye sonona hujifungia ndani, jua halimpati, na kula kwenyewe ni kwa shida. Vitamini D lazima ishuke. Sasa kipi kimeleta kipi? Baadaye nikasoma matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa VITAL, yaliyotolewa 2020: watu zaidi ya 18,000 wenye miaka 50 na kuendelea, nusu yao wakimeza vitamini D IU 2,000 (IU ni kizio cha kupimia vitamini) kila siku kwa takriban miaka mitano, nusu wakimeza kidonge kisicho na dawa. Kwenye sonona hapakuwa na tofauti. Hao hawakuwa wajawazito, kwa hiyo siwezi kusema jibu letu limeshapatikana humo, lakini nilielewa kwa nini daktari hakutaka kuning'iniza matumaini yote kwenye kichupa kimoja.

Nikaandikiwa IU 2,000 kwa siku na kupelekwa kwa mshauri nasaha. Rafiki yangu alinipa vidonge vyake vya IU 50,000 vilivyobaki, "ili upone haraka". Nilimrudishia. Mjamzito wa kawaida anahitaji kama 600 kwa siku, na kikomo cha kumeza bila usimamizi wa daktari ni 4,000. Vitamini hii huhifadhiwa mwilini, haitoki yote kwenye mkojo kama vitamini C. Ikizidi sana hupandisha kalsiamu kwenye damu: kichefuchefu, kiu isiyoisha, kukojoa kila saa, na mwisho figo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi hata kila mjamzito apewe. Ni kwa aliyepungukiwa. Kwa hiyo pima kwanza.

Nyumbani mume wangu alijua yote. Wengine niliwaambia nina upungufu wa vitamini D, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Vitamini haimtishi mtu. Hakuna anayekuuliza umekosa nini, au mbona wenzako wanazaa na hawaumwi. Mama mkwe alishika usimamizi wote. "Mwanangu, umemeza?" Nilipomweleza kwamba inayeyuka kwenye mafuta hivyo imezwe pamoja na chakula, akawa anakaa kabisa mezani kunisubiri. Nilipomwambia jua la nyuma ya kioo halisaidii, kwa sababu kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D, akaanza kunitoa nje. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani, na kivuli chako kikiwa kirefu kukushinda wewe mwenyewe, miale hiyo ni kidogo. Mtoto alipozaliwa, yeye anambeba, mimi natembea. Tukirudi ananiambia, "Kalale, nipo naye."

Kutoka nje, kutembea, kupokewa mtoto, kulala bila kuamshwa: kwa maoni yangu hivyo ndivyo vilivyonishikilia, na vyote viliingia nyumbani kwa kivuli cha vitamini. Nikaacha viingie.

Wiki mbili za mwanzo baada ya kujifungua, kulia ovyo huwapata wanawake wengi na hupita. Kwangu hakukupita. Siku niliyorudia kipimo, vitamini D ilikuwa 31, namba nzuri kabisa. Siku hiyo hiyo muuguzi akanipa dodoso la kupima sonona lenye maswali 10, lile lililotungwa Edinburgh na kuchapishwa 1987. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 30, na ukifika 13 hivi unatakiwa kuonwa vizuri zaidi. Nilipata 16. Muuguzi alizipita alama zote, akasimama kwenye swali la kumi, linalohusu wazo la kujidhuru.

"Hapa umeandika 'mara chache sana'," akasema. "Nisimulie hizo mara chache."

Nikamsimulia. Hakupiga kelele, hakunihubiria. Aliuliza kama nimepanga chochote, nyumbani nipo na nani, na akaomba ruhusa ampigie mume wangu kabla sijaondoka. Ukiwa na mawazo hayo, juu yako au juu ya mtoto, usisubiri kliniki ijayo, sema leo.

Daktari aliagiza pia kipimo cha wingi wa damu na cha tezi ya thairoidi, maana zote mbili zikiyumba baada ya uzazi humfanya mtu ajisikie hivyo hivyo. Zilikuwa sawa. Nikarudi kwa mshauri kila wiki, na nikaanzishiwa sertraline, dawa ya sonona ambayo wanyonyeshaji hupewa sana kwa kuwa kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo. Haikufanya kazi mara moja. Zilipita wiki kabla sijaona kwamba asubuhi si nzito tena. Mtoto naye akaandikiwa matone ya vitamini D, IU 400 kwa siku, kwa sababu maziwa ya mama yana kidogo mno.

Mama mkwe alikikuta kile kichupa kipya mezani.

"Na hii nayo vitamini?"

"Hapana, mama. Hii ni ya huzuni. Ninaumwa huzuni tangu mimba."

Alikigeuza geuza mkononi. "Inamezwa na chakula?"

"Yoyote tu."

Kesho yake aliuliza kama nimemeza zote mbili.

Sertraline nilipunguziwa taratibu na daktari, na vitamini D sasa nameza kiasi cha kawaida. Wifi yangu ni mjamzito. Mama keshamwambia akapime vitamini D. Mimi nimemtumia yale maswali 10, nikamwambia la mwisho asiliruke.