Siku niliyomvua Kusi hatamu

Ami yangu alikuwa akibeba mchanga na mawe kwa punda pale Lamu, na mimi, nikiwa na miaka saba, ndiye niliyepewa punda wa mwisho kwenye msafara. Tandiko hakuna, lijamu, kile chuma cha mdomoni, hakuna. Kamba moja shingoni na kijiti mkononi, basi. Punda akikataa kukata kona ya kichochoro, mimi huivuta ile kamba mpaka viganja vinauma, na ami hunikemea kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia: "Wata kamba! Punda hasikii kamba, asikia kitako chako. Kaa sawa, utazame uendako."

Miaka zaidi ya thelathini ilipita kabla sijayaelewa maneno yale, na nilikuja kuyaelewa mbali na Lamu, Texas ya kaskazini, karibu na mji wa Pilot Point, ambako ukiendesha gari barabarani unapita ua baada ya ua wa farasi. Niliingia kwenye ranchi moja kwa kazi ya usaisi: kuzoa samadi, kujaza maji, kuosha miguu ya farasi wakitoka uwanjani. Mwaka wa pili nikaanza kuwapandisha joto farasi asubuhi kabla mwenye ranchi hajatoka nje. Mwaka wa nne akanikabidhi Kusi.

Kusi ni farasi jike wa aina ya Quarter Horse, mwekundu wa shaba, mfupi, mzito wa mapaja. Kwenye vyeti ana jina refu la ukoo wake. Jina la Kusi nilimpa mimi, kwa sababu siku ya kwanza nilipompanda alinivuta kama ule upepo unavyolivuta tanga.

Kwanza nieleze mchezo tunaoufanya mimi na Kusi. Unaitwa reningi, na asili yake ni kazi ya kauboi ya kuchunga ng'ombe. Mpanda farasi anaingia peke yake uwanjani na kufanya vitendo kwa utaratibu uliopangwa: miduara mikubwa ya kasi na midogo ya polepole, kubadili mguu wa kutangulia katikati ya mbio, kuzunguka papo hapo kama pia, kukimbia moja kwa moja kisha kusimama kwa kuteleza na miguu ya nyuma, kugeuka ghafla na kuondoka, kurudi kinyumenyume. Farasi huvalishwa nyuma viatu vya chuma vipana na laini, na uwanja una sakafu ngumu yenye mchanga mwepesi juu yake. Ndiyo maana akisimama anateleza mita kadhaa huku miguu ya mbele ikiendelea kutembea. Chama cha mchezo huu Marekani kilianzishwa mwaka 1966, na makao yake ni Oklahoma City. Kila mshindani huanza na alama 70, halafu kila kitendo kinaongezewa au kupunguziwa, kuanzia alama moja na nusu chini hadi moja na nusu juu.

Kinachosifiwa zaidi ni kamba za hatamu kulegea. Majaji wanataka kuona farasi anaongozwa kwa hiari yake, hana ubishi, na mkono wa mpandaji kama haufanyi kitu. Ukishalielewa hilo, wazo la kuivua hatamu kabisa linakujia lenyewe.

Mimi lilinijia kwa kumtazama Stacy Westfall, mpanda farasi Mmarekani, kwenye simu. Mwaka 2006, huko Columbus, Ohio, katika maonyesho makubwa ya Quarter Horse, aliingia na farasi wake jike mweusi bila hatamu na bila tandiko, akafanya kila kitendo cha reningi katika mashindano ya mtindo huru. Niliirudia video ile mara nyingi nimeketi juu ya ndoo ya chakula. Nilichokuwa nikikiona ni Lamu. Mtu mgongoni mwa mnyama, hakuna kitu mdomoni mwa mnyama, na wanaelewana.

Baadaye nilisoma pia kuhusu Wanumidia, watu wa Afrika Kaskazini, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Algeria. Wapanda farasi wao walikuwa na Hannibal, jemadari wa Carthage, alipowashinda Warumi pale Cannae, Italia, mwaka 216 kabla ya Kristo, na Warumi wenyewe waliandika kwamba watu hawa hawatumii hatamu. Pale Roma kuna nguzo ya mfalme Trajan, ya mwaka 113, na juu yake wamechongwa wapanda farasi wa Kiafrika, mgongo mtupu, na kikamba tu shingoni mwa farasi. Nilifurahi sana kuiona picha hiyo. Pale ranchini watu hulielezea jambo hili kama ujuzi wa juzi juzi.

Sasa kosa langu. Kusi alikuwa ametulia siku tatu mfululizo, kila kitu anafanya kwa wepesi. Siku ya nne, mwenye ranchi akiwa safarini, nilimfunga kamba shingoni, nikamvua hatamu na kuingia naye kwenye uwanja mkubwa. Miduara midogo ilikwenda vizuri. Kwenye mduara mkubwa wa pili, tulipokaribia upande wa lango ambako wenzake huwa wamefungwa, niliona bega lake la ndani linashuka. Nikavuta kamba. Naye akasukuma shingo mbele na kuongeza kasi, sawasawa na yule punda wa kichochoroni. Langoni akakata kulia. Mimi nikaendelea mbele.

Nilivunjika mtulinga. Wiki sita sikupanda farasi, na nashukuru nilikuwa nimevaa kofia ngumu, maana kichwa kiligonga ubao wa chini wa ua.

Mwenye ranchi ni mzee wa miaka sabini na kitu, na hakunigombeza. Nilipopona, aliniita kwenye chumba cha matandiko, akatoa uzi wa kushonea nguo, mweupe, ule mwembamba wa kawaida. Akazifungua kamba za hatamu kwenye pete za lijamu, kisha akazifunga tena pale pale kwa uzi, mzingo mmoja kila upande. Jozi nyingine ya kamba, iliyofungwa sawasawa, akailaza juu ya pembe ya tandiko kwa ajili ya dharura. Akaniambia nipande kama kawaida, ndani ya ule ua mdogo wa duara wenye ukuta mrefu, na kila uzi ukikatika nisimame, nishuke, niufunge upya.

Dakika ishirini, uzi ulikatika mara kumi na moja.

Mimi nilikuwa nikijiona mtu mwenye mkono mwepesi. Lakini uzi hausemi uongo. Ulikatika kila tulipopita upande wa lango. Ulikatika kabla ya kusimama, si wakati wa kusimama: mkono ulikuwa ukinyanyuka wenyewe nusu sekunde kabla sijasema neno. Ulikatika kila nilipotaka abadili mguu wa kulia kwenda kushoto, wala haukukatika kwa upande mwingine. Kila mahali ulipokatika palikuwa na jambo ambalo Kusi hakulijua, au mimi sikulijua, na hatamu ilikuwa ikilifunika. Miezi yote ile bega lake lilikuwa likishuka pale langoni, na mimi nilikuwa nikilinyanyua kwa kidole bila kuhisi. Nilipoivua hatamu, nikakiondoa na kile kidole.

Kwa hiyo kama kuna mtu anayetaka kujaribu, namwambia kwa moyo wote: farasi hafundishwi kwenda bila hatamu kwa kuvuliwa hatamu. Anafundishwa akiwa nayo, na kazi karibu yote ni ya mpandaji.

Tulifanya kazi na uzi miezi miwili, siku tano kwa wiki, dakika ishirini mpaka thelathini, si zaidi. Utaratibu nilioushika ni kwamba mwili unatangulia, kamba ya shingo inafuata, na mkono ndio wa mwisho kabisa. Nikitaka ageuke kushoto, kwanza natazama kushoto. Ukitazama kwa dhati, nyonga na mabega yanageuka, goti la kushoto linafunguka kidogo na shavu la mguu wa kulia linamgusa ubavuni. Nasubiri. Asipojibu, kamba inagusa shingo upande wa kulia. Asipojibu tena, ndipo hatamu, kidogo, na akijibu tu kila kitu kinaachia. Kule kuachia ndiko kunakomfundisha, kwa sababu anatafuta raha na anakumbuka aliipata wapi.

Kamba ya shingo yenyewe ni ngumu kiasi, unene wa kidole gumba, na inakaa chini, pale shingo inapoungana na kifua. Ikipanda juu kooni inamkaba, na farasi aliyekabwa hukimbia. Hilo nimelilipia mfupa.

Kusimama ndiko kulikochukua muda mrefu. Watu wengi hufikiri farasi huyu anasimamishwa. Ukweli ni kwamba anaruhusiwa kusimama. Nilianza kwa kutembea tu: napumua nje mpaka mapafu yanabaki matupu, uzito unashuka kwenye kitako, miguu inalegea, nasema "wo". Akisimama, tunakaa pale dakika nzima, namkuna chini ya manyoya ya shingo. Tukapanda mwendo wa matiti, halafu mbio ndogo. Siku moja, katika wiki ya tano hivi, nilikuwa nimechoka, nikashusha pumzi ndefu bila kukusudia, tuko mbioni. Niliona sikio lake la kushoto likigeuka nyuma kunielekea. Likabaki pale. Kisha mgongo wake ukajikunja chini yangu kama mtu anayekaa kwenye kiti, tukateleza, vumbi likatupita. Sikuwa nimesema neno. Kamba zote mbili zilikuwa zinaning'inia, na uzi mzima.

Sikumpanda tena siku ile. Nilishuka pale pale, nikamlegezea mkanda wa tumbo na kumtoa nikitembea kando yake.

Langoni tulipafanyia kazi kivyake. Kila tulipokaribia lango, hapo ndipo tulifanya kazi ngumu, kuzunguka na kurudi nyuma. Mapumziko yote tukayahamishia upande wa mbali. Siku kumi na tano hivi baadaye, upande wa mbali ndio aliokuwa akiuomba.

Uzi ulipomaliza wiki mbili bila kukatika, mzee alisema neno moja tu: "Haya." Ilikuwa alfajiri ya Oktoba, hewa ya baridi, farasi wengine wote wamefungiwa ndani. Tulianza kwenye ua mdogo. Nilimpandisha joto na hatamu, nikafanya kila kitendo mara moja, kisha nikainama shingoni mwake na kuisukuma hatamu mbele, ikapita juu ya masikio. Alilitema lijamu, akatafunatafuna hewa, akanyanyua kichwa. Nilihisi mkono wangu wa kulia haujui uende wapi. Nikauweka pajani.

Nikatazama mbele, akaondoka. Nikatazama kushoto, akageuka. Tulitembea mizunguko kumi, nikihesabu. Mbio ndogo, kulia, kushoto. Kubadili mguu, upande ule mbaya: nilingoja, nikahamisha nyonga, akabadili, safi. Nilipotoa pumzi alisimama na kurudi nyuma hatua mbili bila kuombwa, na mzee, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, akaivua kofia yake na kuivaa tena.

Uwanja mkubwa tuliuingia baada ya wiki tatu nyingine. Mashindano ya kawaida ya reningi hayaruhusu kuingia bila hatamu. Nafasi yake ni ile ya mtindo huru, ambapo mtu huchagua muziki na kupanga vitendo mwenyewe. Majira ya kuchipua yaliyofuata tuliingia mashindano madogo ya mtindo huo, hapa hapa kaunti ya jirani. Hatukushinda. Kusi alizunguka mizunguko minne na robo pale nilipomtaka minne, kwa sababu nilichelewa kutazama mbele. Lakini kwenye mbio ya mwisho, tukilielekea lango, lile lango, mabega yake yalikwenda sawa mpaka mwisho, akakaa chini na kuteleza mpaka nikasikia watu wa safu ya mbele wakishusha pumzi pamoja nasi.

Binamu alimwonyesha ami ile video kwa simu, kule Lamu. Ami sasa ana miaka themanini na mbili na macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo aliitaka irudiwe mara tatu, simu karibu na uso. Kisha akanipigia.

"Mashaallah, mwanangu. Farasi mwema. Lakini mkono wako wa kulia, wafanyani hapo yuu?"

Niliitazama tena usiku ule. Ni kweli. Kwenye ile mbio ya mwisho, nusu sekunde kabla Kusi hajakaa chini, mkono unanyanyuka kutoka pajani na kukunja vidole juu ya kamba ambayo haipo. Tangu Jumatatu nampanda nikiwa nimebana unyasi mkavu kati ya kiganja na paja. Leo umeanguka mara mbili.