Nafasi Moja ya Mwisho

Saa nane mchana wa tarehe 24 Desemba, steji ya Nakuru ilikuwa imefurika watu, magunia na kuku waliofungwa miguu. Nauli ilikuwa imepanda karibu maradufu. Mimi nilikuwa nimekata tiketi tangu asubuhi, nikakaa dirishani nyuma ya dereva, unga na sukari ya Senje, shangazi yangu, vikiwa miguuni pangu.

"Kisumu, Luanda, Busia! Nafasi moja ya mwisho!" kondakta akanadi.

Akaingia mwanamume wa makamo, fundi wa mjengo kwa nilivyomwona, kwa maana saruji ilikuwa imemganda kwenye kucha. Hajakaa vizuri, akaja mama kijana na mtoto mgongoni, mkono wa mtoto umefungwa plasta kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Akaomba apakiwe hata kama ni kwa kusimama. Kondakta akakataa, gari limejaa.

Tulimsikia sote. Mimi nikainamia simu yangu. Nilikuwa nimelipa, nilikuwa nimewahi, na nilijiambia kwamba hayo yanatosha. Yananiuma hadi leo.

Yule fundi akateremka, akavuta kijigunia chake cha viazi kutoka chini ya kiti. "Ingia, dada. Mimi nitapata lingine." Mama akaanza kufungua pindo la leso amrudishie nauli. "Acha, mnunulie mtoto maziwa." Gari lingine halikuwepo, na kila mtu pale steji alilijua hilo. Tulipoondoka nilimwona ameketi juu ya viazi vyake, ametupa mgongo, kama mtu asiyetaka kushukuriwa.

Salgaa tukaipita, na pale Mau Summit magari ya Eldoret yakashika njia yao. Kufika Londiani ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Mtoto alikuwa amelala, plasta yake imelala juu ya goti langu, nami nilikuwa nikilitafakari neno moja tu: nafasi.

Luka anasema Mariamu alimlaza mtoto horini kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Tangu utotoni nimemlaumu mwenye nyumba, ambaye Luka wala hamtaji. Sikuwahi kuwafikiria wageni waliokuwa ndani: watu wa kawaida, wamechoka na safari, wamewahi, mizigo yao iko miguuni. Watu kama mimi.

Tena kuna lile ambalo Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi: kwamba Kristo, aliyekuwa sawa na Mungu, hakuung'ang'ania usawa huo, bali alitwaa hali ya mtumwa, akatii hata mauti ya msalaba. Basi mtoto wa Bethlehemu alikuwa ameiacha nafasi yake mwenyewe, kwa hiari, kabla ya sisi kumnyima ya kwetu. Nimeimba Krismasi miaka mingi bila jambo hilo kunigusa. Siku hiyo lilinigusa, kwa sababu nilikuwa nimemwona mtu akiteremka.

Majani chai ya Kericho, kisha mteremko hadi joto la Ahero na mashamba yake ya mpunga. Kisumu tulilikuta jua linazama ziwani. Tukavuka Ikweta pale Maseno gizani, na saa mbili usiku nikashuka Luanda, nikapanda bodaboda kati ya yale mawe makubwa ya Bunyore. Kwaya ilikuwa kanisani ikifanya mazoezi. Kwetu, eneo la misheni ya Kima iliyoanza mwaka 1905, Krismasi ni kwaya.

Senje nilimkuta zizini na tochi, akimkatia ng'ombe nyasi za nepia. Nilipitisha mkono kwenye ukingo wa hori. Mbao zilikuwa zimelambwa miaka mingi hadi zikawa laini kama sabuni, lakini chini zilikuwa na vibanzi, zimelowa mate na pumba. Nikauondoa mkono haraka. Mtoto mchanga, mle?

Nyumba ilikuwa imejaa: binamu kutoka Mombasa, wake zao, watoto wanane. Senje alinionyesha kitanda chake. "Lala hapo na watoto, mimi nina pangu."

Saa kumi alfajiri nilitoka nje kwenda chooni, nikaona mwanga jikoni. Senje alikuwa amejikunja kwenye mkeka kando ya mafiga, amejifunika gunia juu ya leso.

"Senje! Kumbe hapa ndipo pako?"

"Shhh. Wakisikia hawatalala."

"Tangu lini?"

"Kila Krismasi, mwanangu. Mnakuja wengi, nafurahi."

Sikurudi kitandani. Nilijilaza upande wa pili wa mkeka, kwenye baridi ya mlango. Alinitazama kidogo bila kusema neno, kisha akasogea, akaniachia upande wa moto.