Skana za mabegi sawa, ila breki za treni ya zamani je?

Jamani tangu treni mpya ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, kila anayetoka Dodoma au Moro ana stori moja, umeingia stesheni begi limepita kwenye skana, tiketi na kitambulisho vimeangaliwa, askari wapo, basi anakwambia pale usalama upo. Sikatai, na mimi nimepanda na nikalala usingizi mzuri tu. Ila kinachomlinda abiria wa ile treni sio skana. Inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, kwa mwendo huo dereva akisubiri aone kitu mbele kwa macho yake ameshachelewa, inahitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Ndo maana njia imewekwa uzio, barabara zinapita juu au chini ya reli, na kuna mfumo unaitwa ETCS ambao unamwonyesha dereva kwenye skrini ameruhusiwa kwenda mpaka wapi na kwa mwendo gani, akipitiliza treni inafunga breki yenyewe. Abiria haoni hata kimoja kati ya hivyo, na ndivyo vinavyomfikisha nyumbani.

Sasa roho inaniuma nikikumbuka ndugu zetu wa Kigoma na Mpanda, wale bado wako na reli ya zamani, ile MGR, na mjadala wote wa usalama wa reli siku hizi unaishia kwenye SGR kana kwamba wao hawapo.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka Igandu. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilikuwa imepanda mlima mkoani Dodoma, breki zikagoma, ikaanza kurudi kinyumenyume ikishika kasi kwenye mteremko mpaka ikaivaa treni ya mizigo iliyokuwa kwenye njia hiyohiyo. Watu 281 walikufa. Kuna familia hazikupata hata mwili wa kuzika kwasababu wengi hawakutambulika.

Mjomba wangu alikuwa gadi, yaani msimamizi wa treni, kwenye reli miaka mingi na yeye ndo alinielewesha hizi breki. Zinatumia upepo, kuna bomba linatoka kwenye kichwa linapita chini ya mabehewa yote, na kati ya behewa na behewa kuna mpira wenye koki kila upande. Bomba likijaa upepo breki zinaachia, upepo ukitoka breki zinashika, hata mpira ukikatika zinashika zenyewe, kwahiyo ni kitu kilichotengenezwa kwa akili sana. Ubaya uko kwenye koki. Moja tu ikiwa imefungwa katikati ya treni, mabehewa ya nyuma yanabaki na upepo wao, dereva anashika breki huku mbele na kule nyuma hakuna kinachotokea, na geji yake inamwambia mambo safi. Njia ya kujua ni mtu atembee na miguu yake mpaka behewa la mwisho, aangalie geji ya kule, dereva ashushe upepo, yeye aone mshale unashuka na breki za lile behewa zimeshika kweli. Mjomba alikuwa anasema hiyo kazi hata kama mvua inanyesha na mkuu wa stesheni anapiga kelele kwamba mmechelewa, unaifanya. Na treni ikisimama mlimani muda mrefu usiuamini upepo, unavuja taratibu, funga breki za mkono na uweke kabari kwenye magurudumu.

Na haya mambo ya treni kurudi nyuma mlimani dunia iliyaona zamani sana. Tarehe 12 Juni 1889 kule Armagh, Ireland, treni iliyobeba watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kumaliza mlima, wakaikata vipande viwili, mabehewa ya nyuma wakayawekea mawe kwenye magurudumu, yakaserereka yakaigonga treni iliyokuwa inakuja nyuma yake. Walikufa watu 80 hivi, wakiwemo watoto. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likapitisha sheria, treni zote za abiria lazima ziwe na breki zinazojishika zenyewe kwa mabehewa yote, na treni mbili zisiwe kwenye kipande kimoja cha njia kwa wakati mmoja. Mwaka 1889 huo! Yaani maarifa yapo siku nyingi, kinachotakiwa ni pesa ya vipuri na watu wa kutosha wa kufanya ukaguzi bila kukimbizwa.

Alafu kuna vivuko vya reli na barabara, hapa hata sisi wa barabarani tunahusika. Novemba 2023 pale Manyoni basi na treni vilikutana kwenye kivuko, wakafa watu 13. Hapa Dar napita sana Tabata Relini, honi inalia, treni inaonekana kabisa, na bado bodaboda anapenyeza akiwa na mama na mtoto mgongoni. Kibao peke yake hakitoshi jamani, pale panataka geti linaloshuka, taa na mtu wa zamu, na LATRA ndo wadhibiti wa reli kwahiyo naomba kabisa watutangazie hadharani vivuko gani vina geti, vipi havina, na vitawekewa lini.

Tukimaliza hapo tuzungumzie na taa za ndani ya mabehewa ya daraja la tatu usiku, maana wizi wa mizigo unaanzia kwenye giza.