Zamu ya Saa Tisa Usiku

Mwanangu aliposikia habari za Samweli katika shule ya Jumapili, alirudi na swali: Mama, mtu anajuaje kwamba anayemwita ni Mungu, na si mawazo yake mwenyewe? Nilimjibu kwa yaliyoandikwa, kwamba Samweli hakujua, kwamba alimkimbilia Eli mara tatu akidhani mzee ndiye aliyemwita, na kwamba ni Eli aliyetambua na kumfundisha kusema, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Jibu hilo lilimtosha. Mimi halikunitosha, kwa sababu lilinikumbusha usiku mmoja wa ule mnyororo wetu wa maombi, usiku ambao sijapata kuusimulia wote.

Mzee wa maombi ndiye aliyeuanzisha mnyororo ule, akifuata mfano wa Wamoravian wa Herrnhut, huko Ujerumani, ambao mwaka 1727 waliagana, wanaume 24 na wanawake 24, kugawana saa za mchana na usiku ili maombi yasikatike, na maombi hayo yakadumu kwa zaidi ya miaka 100. Sisi tulikusudia majuma ya Kwaresima tu, kila mtu akiomba nyumbani kwake. Mimi nilipangiwa saa tisa usiku hadi saa kumi.

Nilitambua mapema kwamba saa nzima ya maombi haijazwi kwa maneno. Maneno yangu yote, pamoja na majina yote ya orodha niliyopewa, yaliisha kabla ya nusu saa, na kilichobaki kilikuwa kukaa mbele za Mungu nikiwa macho. Kwa muda huo mzee alikuwa amenifundisha kuishika sala fupi ya Zaburi ya 70, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima," ambayo mtawa John Cassian, katika karne ya 5, aliisifu kuwa ngao ya watawa wa jangwa la Misri katika kila hali, wawe kazini, mezani au kitandani. Nami niliifanya hivyo: fikira ikija, ninaiacha ipite, ninarudi kwenye sala.

Usiku ninaousema, iliyokuja ilikuwa sura ya mama mmoja wa kanisani ambaye hakuwa katika orodha, na ambaye sikuwa nimezungumza naye zaidi ya kusalimiana. Nilimwona kama alivyokuwa Jumapili iliyotangulia, akikifunga kitabu cha nyimbo katikati ya wimbo na kutoka kabla ya baraka. Nilirudi kwenye sala yangu, naye akaja tena, kitabu kile mkononi. Basi nikaacha kupambana na jambo hilo, nikamwombea yeye, bila kujua ninamwombea nini, hadi zamu ilipokwisha. Nilipoinuka nilikuwa na hakika, na siwezi kuieleza vizuri kuliko hivi, kwamba ilinipasa kwenda.

Nilifika kwake kulipopambazuka. Mlango ulifunguliwa mara nilipobisha, ikawa dhahiri kwamba hakuwa amelala. Alikuwa amevaa nguo za kutokea, na nyuma yake taa zilikuwa bado zinawaka ingawa nje kulikuwa kumeanza kuwa kweupe. Nilimsalimu, hakuitikia. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa umeshika kitasa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amekutuma?"

Sijapata kuulizwa swali zito kuliko hilo. Kama ningesema ni Mungu, ningekuwa nimelichukua jina lake kutia muhuri jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelipima, na nimewaona watu wengi wakiumizwa na wale wanaosema "Bwana ameniambia" kwa wepesi mno. Kama ningesema hakuna aliyenituma, ningekuwa ninaikana ile saa nzima, pamoja na uhakika ulionitoa nyumbani gizani. Nilisimama pale nikisikia moyo wangu unavyopiga, yeye akiningoja, na ilikuwa wazi machoni pake kwamba kwake jibu lile lilikuwa na uzito ambao mimi sikuujua. Hatimaye nilisema lile tu nililokuwa na hakika nalo: "Nilikuwa ninakuombea." Aliendelea kunitazama kidogo, kisha akasogea pembeni, nikaingia.

Tuliketi. Hakunieleza lolote, nami sikuuliza. Aliniomba nisome zaburi, nikasoma ya 130, ile ya mtu anayemngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, na alipotaka nirudie nikarudia. Kisha nikaenda zangu. Baada ya miezi michache alihamia mbali, na mpaka leo sijui alikuwa anajiandaa kwenda wapi asubuhi ile.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya kile kitabu cha nyimbo. Inawezekana macho yangu yaliona huzuni yake Jumapili ile, na kimya cha usiku kikaifunua kumbukumbu niliyokuwa nayo tayari. Lakini siioni sababu ya kusema kwamba kwa hiyo Mungu hakuwamo, kwani ni nani aliyenipa macho, na kimya kile nilikuwa nimekiweka mbele za nani? Paulo aliwaandikia Wathesalonike waombe bila kukoma, na mistari miwili tu baadaye akawaambia, "Msimzimishe Roho," kisha, "jaribuni mambo yote." Ninayashika yote mawili, ingawa sijui mpaka wake uko wapi.

Ninachofanya sasa ni kuipitia siku jioni, kama Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alivyofundisha katika karne ya 16, nikiuliza ni nani aliyepita mbele ya macho yangu nisimwombee. Sura ya mtu ikirudi na kurudi, ninakwenda au ninapiga simu, maana kumjulia mtu hali ni jema hata kama sikutumwa. Baadhi yao wamenipokea kwa mshangao na kuniambia kwamba wako salama kabisa, nami nimewaamini, nikaendelea kuwaombea.