Nilivyotafuta nyumba yenye usalama Lewiston

Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti yake ikitokea kwenye spika juu ya meza ya muuguzi. Akatafsiri: "Daktari anasema majibu yamerudi. Damu ya mtoto ina risasi." Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa amempakata binti yangu. Alimlaza mezani, akaanza kumvua nguo, akimpapasa mgongo na tumbo, akitafuta tundu. Mtu aliyezaliwa Fizi, mashariki mwa Kongo, akisikia neno risasi hangoji maelezo.

Ilichukua muda tukaelewana. Risasi iliyosemwa ni madini, yale yaliyokuwa yakichanganywa katika rangi za nyumba hapa Marekani hadi yalipopigwa marufuku mwaka 1978. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na wiki chache. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, na mahali alipopenda kushikilia ni ukingo wa dirisha la chumbani, karibu na kitanda. Meno yalikuwa yanamuuma, akawa anautafuna ule ubao. Dirisha lenyewe ni la zamani, la kupandisha na kushusha. Kila ukilifungua, mbao husuguana na rangi hudondoka unga mweupe ambao mimi nilikuwa naufagia kila asubuhi nikidhani ni vumbi la barabarani. Kufagia kukavu ndiko kulikokuwa kunaurusha hewani.

Kipimo kilionyesha 7. Wakati huo jimbo letu la Maine lilianza kushughulikia nyumba ya mtoto kipimo kikifika 5, kwa hiyo mkaguzi wa jimbo alikuja, akapima kuta na madirisha. Nilipofungua bahasha ya mkataba wa kupanga nikaikuta ile karatasi ya onyo, ina sahihi yangu. Sheria inamtaka mwenye nyumba ya kabla ya 1978 akupe karatasi hiyo, na mwenye nyumba wetu alinipa. Ilikuwa katikati ya karatasi nyingine nyingi, kwa Kiingereza, wiki tuliyofika kutoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, mwaka 2019. Nilitia sahihi zote.

Basi tukaanza kutafuta nyumba nyingine, na hapo ndipo ndugu walipoanza kupiga simu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Texas. "Dada, kama mnahama, hameni kabisa. Nimeangalia takwimu za huo mji wenu, uhalifu ni mwingi kuliko miji mingine ya Maine." Shemeji naye akasema vivyo hivyo. Ikawa nina risasi mbili za kuogopa, ya rangi na ya bunduki, na pesa za kupanga ni zilezile.

Kwa wasioujua mji huu: Lewiston una watu wapatao 37,000, uko kando ya mto Androscoggin, ng'ambo ya pili ni Auburn. Zamani uliishi kwa viwanda vya nguo, na wafanyakazi wengi walitoka Quebec, Kanada, wakizungumza Kifaransa. Walijengewa nyumba za mbao za orofa tatu na nne, zimebanana, na ndizo wanazopangishwa wageni hadi leo. Wasomali walianza kuja mwaka 2001, baadaye tukafuata sisi Wakongo na Waangola. Mtaa wa katikati una barabara zenye majina ya miti, na ukiutaja kwa mtu wa vitongoji anakunja uso.

Mimi sikuelewa takwimu. Kijana mmoja wa kanisani kwetu, anayesoma chuo, alikaa nami jikoni jioni mbili akanifundisha, na nitaeleza alichonionyesha kwa sababu ndicho kilichonituliza.

Kwanza, tuliyoyaita sote wizi, wao wameyagawa. Kuna kuvunja nyumba na kuingia. Kuna unyang'anyi, yaani kumpora mtu uso kwa uso. Kuna wizi wa kawaida: baiskeli, mzigo ulioachwa mlangoni, kitu dukani. Mtu anaposema "uhalifu ni mwingi" mara nyingi sehemu kubwa ya hesabu ni huo wizi wa kawaida, na mwingi wake hutokea madukani, si mlangoni kwako. Pili, idadi hugawanywa kwa wakazi, ikaandikwa kwa kila watu 100,000. Lewiston una hospitali mbili, chuo na maduka; mchana hujaa watu wa vijiji vya jirani. Mtu wa kijijini akiiba dukani Lewiston, kosa linaandikwa kwetu, yeye hahesabiwi kwetu. Tatu, mji ni mdogo. Nilichukua kalamu nikagawanya mwenyewe: mauaji ya mtu mmoja tu hupandisha kiwango chetu kwa 2.7 kwa kila 100,000. Mwaka mmoja unaweza kuonekana wa amani na unaofuata wa kutisha, na tofauti ikawa ugomvi wa ndugu wawili katika nyumba moja. Tena mwaka 2021 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani inayokusanya takwimu hizi, ilibadili mfumo wa kupokea taarifa, vituo vingi nchini havikuwahi kuleta zao, kwa hiyo kulinganisha mwaka ule na wa nyuma ni kulinganisha maembe na mihogo. Na Maine yenyewe ni kati ya majimbo yenye uhalifu mdogo kabisa wa kutumia nguvu Marekani. Kuwa mbaya kuliko jirani yako Maine si sawa na kuwa mbaya.

Lakini mimi nilikuwa natafuta nyumba, si mji. Nilihitaji kujua ngazi zile, mlango ule.

Nikamuuliza wakala aliyetuonyesha nyumba ya pili: "Mtaa huu una usalama?" Akasema hawezi kunijibu swali hilo. Nilirudi nyumbani nimeumia. Nilidhani ananificha jambo, au ananidharau. Baadaye nikaelezwa kwamba sheria ya makazi ya mwaka 1968 inakataza mawakala kuwaelekeza watu mitaa fulani kwa rangi au asili yao, na zamani maneno "mtaa mzuri" na "mtaa mbaya" ndiyo yaliyotumika kwa kazi hiyo. Kwa hiyo wengi hunyamaza. Ninaikubali sababu, ila natamani wangekuwa wanawaambia wageni waende wapi kuuliza.

Pa kuuliza ni polisi. Nilikwenda dirishani kituoni na anwani tatu kwenye karatasi, nikaomba kujua wameitwa mara ngapi kwenye majengo yale mwaka uliopita. Taarifa hizo mwananchi anaweza kuomba. Jengo nililolipenda lilikuwa na simu 14, nikashtuka. Karani, mama mtaratibu, akageuza karatasi tusome pamoja: magari yaliyoegeshwa vibaya wakati wa theluji, kelele, gari la wagonjwa, mtu aliyejifungia nje, mume na mke waliogombana mara tatu na ambao walikuwa wamekwisha kuhama. Kuvunja nyumba, hakuna. Jengo la pili lilikuwa na simu tano tu, lakini mbili zilikuwa za mlango uliovunjwa, mlango huohuo wa nyuma. Ningeangalia idadi peke yake ningechagua la pili.

Halafu nikaenda kwa miguu. Mara tatu: alfajiri nikitoka zamuni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mchana watoto wakitoka shule, na Jumamosi usiku karibu saa tano nikiwa na mume wangu. Nilikuwa naangalia vitu vidogo. Taa ya ngazi za nyuma inawaka? Visanduku vya barua vina vifuniko? Theluji imekwanguliwa hadi mlangoni au mtu anaruka? Watu wa jengo wanasalimiana?

Safari ya mchana bibi mmoja alifungua dirisha la chini akaniuliza natafuta nini. Alikuwa mweupe, kazeeka sana, na Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi niliyoitambua. Nikamjibu kwa Kifaransa. Shule za kambini Nyarugusu zilifuata mtaala wa Kongo, kwa hiyo Kifaransa ninacho. Yule bibi aliweka mkono kifuani. Kifaransa chake ni cha Quebec, kina maneno nisiyoyajua, lakini tulisimama pale nusu saa kwenye baridi. Alinieleza nani anakaa orofa ipi, gari la nani lilivunjwa kioo na kwa sababu gani, na kwamba tangu mwaka 2013 hawezi kulala bila kukagua kengele ya moshi. Mwaka ule majengo kadhaa ya katikati ya mji yaliteketea kwa moto mara tatu ndani ya siku chache, watu wapatao 200 wakakosa makao, na kati ya waliokamatwa walikuwamo watoto wa miaka 12. "Usiniulize kuhusu wezi," aliniambia. "Uliza jengo lina milango mingapi ya kutokea."

Ilikuwa miwili. Nikapanda na kushuka ngazi za yote miwili.

Kuhusu rangi sikukubali maneno matupu. Nilidai karatasi ya ukaguzi, na mwenye nyumba mpya alikuwa nayo: madirisha yote yamebadilishwa, mbao za zamani zimeondolewa. Nilipitisha kitambaa cheupe chenye maji kwenye kila ukingo wa dirisha mbele yake. Hakukasirika.

Tulihamia mwezi wa tano. Shemeji, anayefanya kazi ya ujenzi, alikuja na sanduku lake la vifaa kabla hata ya kochi kuingia. Akafungua kile kibamba cha chuma kwenye mwimo, kinachopokea ulimi wa kitasa, akanionyesha skrubu zake: fupi kama ukucha wa kidole gumba, zimeshika ubao wa nje tu. "Shemeji, mtu akipiga teke hapa, kitasa hakivunjiki. Ubao ndio unaopasuka." Akaweka skrubu za inchi tatu zinazofika hadi kwenye nguzo ya ukuta. Zilinigharimu pesa kidogo kuliko kilo ya dagaa. Tulimwomba mwenye nyumba ruhusa kwanza, akasema afanyiwe na milango mingine.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa mama mkwe. Anabaki na mtoto nisipokuwepo, na hajui Kiingereza. Kambini kulikuwa na sungusungu. Usiku unasikia filimbi yao, unazijua sauti zao, ukipiga kelele watu wanatoka. Hapa ukipiga kelele hatoki mtu, unapiga 911, namba ya dharura. Tulifanya mazoezi kila Jumapili baada ya chakula, simu ikiwa imezimwa. Kwanza anwani, namba na barabara, kwa Kiingereza, kwa sababu simu ikikatika watajua pa kuja. Kisha neno moja: "Swahili." Halafu asubiri, asikate, hata kukiwa kimya, mkalimani anatafutwa. Mwanzoni alikuwa anasema "Shikamoo" kwanza. Nilimruhusu, mradi anwani ifuate.

Tarehe 25 Oktoba 2023 nilikuwa nimepika bugali na sombe, najiandaa kwa zamu. Muda mfupi kabla ya saa moja usiku mtu mwenye bunduki aliingia ukumbi wa kuchezea bowling, kisha akaenda baa moja upande mwingine wa mji. Aliua watu 18, mdogo wao ana miaka 14, mkubwa miaka 76. Wanne walikuwa viziwi, wamekutana baa kucheza mchezo wao kama kila wiki. Simu zetu zote zililia pamoja: jifungieni, msitoke. Tulikaa ndani siku mbili hadi alipopatikana Lisbon, mji wa jirani, amejiua.

Mume wangu alisukuma kabati mlangoni. Mama mkwe alimlaza mtoto bafuni, ndani ya beseni la kuogea, juu ya mablanketi, kama walivyokuwa wakitulaza sisi chini ya kitanda. Nilimkumbuka bibi wa chini, yuko peke yake. Nikampigia, nikashuka ngazi za ndani gizani, nikamleta juu. Alikuja na rozari, kopo la biskuti na pajama. Wazee wale wawili hawana lugha moja hata kidogo. Walikaa sakafuni mlangoni pa bafu usiku kucha, mmoja akisali kwa Kifaransa, mwingine kwa Kibembe.

Mdogo wangu alipiga tena kutoka Texas. Alikuwa analia, hakutaja takwimu. Mimi ndiye niliyezikokotoa baadaye, usiku mmoja zamuni. Watu 18 katika mji wa 37,000 ni zaidi ya 48 kwa kila 100,000, kiwango kinachozidi cha Chicago mwaka huohuo. Kwa miaka mingi ijayo mtu atakayetafuta jina la mji wetu ataiona namba hiyo, na hatajua kwamba muuaji alitoka Bowdoin, si kwetu, kwamba ulikuwa usiku mmoja, kwamba ngazi zetu za nyuma zilikuwa na taa.

Kipimo cha mwisho cha binti yangu kilikuwa 2. Muuguzi alimwita mkalimani tukakataa, mama mkwe alitaka kusikia mwenyewe. Akauliza kwa Kiingereza, kidole juu ya karatasi: "Two?" Muuguzi akaitikia kwa kichwa. Tulirudi kwa basi, tukashukia kona yetu. Pazia la dirisha la chini lilisogea kidogo, kama linavyosogea kila asubuhi ninapotoka kazini, na mama mkwe akamwinulia bibi vidole viwili.