Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Gredi ya Tatu, Mombasa, Januari 4, 2021

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka, na saa kumi na mbili nimo ndani ya feri ya Likoni kuelekea kazini. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na ingawa wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba, watoto wangu hawajaketi darasani hadi leo. Muda wote huo tumesemwa sana kuwa walimu tunalipwa kwa kulala, na wasemao hivyo hawawahesabu wenzetu walioajiriwa na bodi za shule, ambao wengi wao walikaa miezi mingi bila mshahara.

Saa moja kasorobo nashika zamu langoni, nikiwa na kipimajoto mkononi na mtungi wa maji na sabuni pembeni. Watoto walikuja kwa furaha na foleni ilikwenda vizuri, mpaka alipofika mzee mmoja aliyemshika mjukuu wake mkono. Nilimwamkia, akaitikia kwa heshima, lakini nilipoinua kipimajoto alimvuta mtoto nyuma yake akasema kwamba kibunduki hicho hakitaelekezwa kwenye paji la uso la mjukuu wake, kwani amesikia kinaharibu ubongo. Nilimweleza kuwa hakitoi chochote, bali hupokea tu joto linalotoka mwilini. Hakusadiki. Nilijipima mwenyewe mbele yake, akasema mimi ni mtu mzima. Foleni ilikuwa imeshafika barabarani, kengele imelia, na mama mmoja aliyekuwa akichelewa kazini akaanza kumfokea mzee, naye mzee akamjibu, hata nikalazimika kuacha kupima watu na kuwasuluhisha. Mwishowe tulikubaliana nimpime mtoto kwenye kiganja. Hapo ndipo nilipoona kuwa hana barakoa: nyumbani kulikuwa na moja, nayo ameivaa dada yake wa Gredi ya Nne. Nilimpa moja kati ya zile nilizonunua kwa fedha zangu, ikamfunika kuanzia kidevuni hadi chini ya macho, akaingia.

Saa mbili na nusu ndipo nilipoanza kufundisha. Darasa lina watoto zaidi ya 70, watatu kwa kila dawati, kwa hiyo masuala ya kuketi mbalimbali tuliyaacha mlangoni. Mtoto aliyekuwa akisoma aya nzima mwezi Machi leo alifuata silabi kwa kidole. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni ugumu wa kufundisha sauti nikiwa nimezibwa mdomo. Watoto wa nyumba za Waswahili hawana shida na dh na th, lakini darasa langu ni la mji mzima, na wengine hujifunza sauti hizo kwa kumtazama mwalimu akiweka ncha ya ulimi katikati ya meno. Leo walitazama kitambaa. Nilisema "dhahabu," wakaitikia "zahabu". Nikasema "thelathini," wakanirudishia "selasini," na kadiri nilivyopaza sauti ndivyo barakoa ilivyolowa jasho na koo kukauka.

Baada ya mapumziko sikutazama saa tena. Walitoka na barakoa zao wakarudi na za wenzao, kwa sababu yenye maua ilipendwa na yenye buluu haikutakiwa, na kumtafutia kila mtoto yake kulimeza kipindi cha hesabu. Walipokwenda nyumbani nilijaza mitungi, kisha nikapitia rejista: baadhi ya majina hayakuitika, kwani familia zao zilirudi bara kazi zilipokosekana, na mahali pao pamejaa wageni ambao shule zao za binafsi hazikufunguliwa tena.

Jioni nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kufundishia kusoma chini ya mwarobaini, ambako naweza kusimama mbali na watoto, nikashusha barakoa na kuwaonyesha ulimi. Alikubali bila kusita. Nilipomwomba anipumzishe zamu ya langoni, akasema nimeshazoeana na wazee, kwa hiyo kesho nianze saa kumi na mbili na nusu.